Tangawizi Akikaa Chini

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa fujo. Bati la bohari lilikuwa likipigwa tangu asubuhi mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Nimeamua kuandika kwa sababu sina wa kumwambia. Mume wangu yuko barabarani na lori lake, na akirudi anataka kulala tu. Mama mkwe nikimwambia neno asubuhi, jioni mtaa mzima umeshalijua, tena limetiwa chumvi.

Wiki iliyopita Tangawizi, mbwa wangu wa kunusa, alikaa mbele ya robota la mitumba. Likafunguliwa, na katikati ya mashati ya watoto likaonekana boksi la risasi. Polisi wakaja, wakapiga picha, wakamsifu mbwa, wakaondoka. Mimi nikamtupia mpira wake akaukimbiza bohari zima. Yeye risasi hazimhusu. Anachojua ni kwamba harufu ile ikipatikana, mpira unatokea.

Kazi yake ni hiyo moja: kunusa baruti na risasi kwenye mizigo inayoingia na kwenye mabegi ya watu wanaotoka. Akiipata harufu anakaa chini, pua ikiuelekea mzigo, kimya. Habweki, hakwaruzi. Mimi niko upande wa pili wa kamba, na kazi yangu ni kumwamini.

Leo Mkuu wa bohari aliniita ofisini akafunga mlango.

"Robota lile halikujileta," akasema. "Kuna mtu wa humu humu anayewasaidia. Wewe na mbwa wako kaeni chonjo."

Kisha akaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba mvua zikiisha mkaguzi wa mbwa atakuja kumpima Tangawizi. Akishindwa ataondolewa kwenye kunusa, atafungwa mnyororo kwenye uwanja wa malori kama yule mbwa mweusi. Yule mweusi namjua. Alikuwa na pua safi kabisa. Sasa anabwekea kila tairi linalopita, na maji yake yameota ukungu. Wangu hafiki pale nikiwa hai.

Mimi si mtu wa kushuku watu ovyo. Lakini nilipotoka ofisini niliwatazama wote upya, mmoja mmoja.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Hakuna kilichopatikana. Nimemkausha Tangawizi masikio kwa taulo. Mama mkwe amesema taulo hilo ni lake. Si lake.

Jumatano, 12 Machi

Kuna mpagazi mmoja tunamwita Kimya. Anabeba magunia tangu kabla sijaajiriwa na sijawahi kumsikia akisema sentensi nzima. Leo nimempita na mbwa, nikamsalimu, hakuitika. Nikamsalimu tena, kimya. Tangawizi alipomkaribia, Kimya akayapandisha macho darini kama anahesabu misumari ya bati.

Machale yakanicheza. Mtu asiye na lake jambo atamwogopaje mbwa aliyefungwa kamba?

Ana begi la kaki lenye mikanda miwili, hulitundika peke yake kwenye msumari wa mwisho, mbali na ya wenzake. Nimelitazama begi lile siku nzima.

Alhamisi, 13 Machi

Nilijua. Nilijua!

Jioni wapagazi walipanga foleni mlangoni kama kawaida, mabegi sakafuni mbele yao. Nikaanza na Tangawizi kutoka mwanzo wa foleni. La kwanza tukapita, la pili tukapita, tukaja mpaka kwa Kimya. Tangawizi akanusa begi la kaki, akaenda kidogo, akarudi, akanitupia jicho, akakaa.

Mkuu akaja mwenyewe kulifungua. Alitoa shati kuukuu, kandambili, kipande cha sabuni, na kopo la chakula ambalo halikuwa na chakula. Akaligeuza begi ndani nje, akalikung'uta. Hamna kitu.

"Harufu inabaki hata kitu kikishaondolewa," akaniambia Mkuu pembeni. "Si ndivyo mnavyofundishwa?"

Ndivyo. Baruti ikilala ndani ya begi usiku mmoja, kesho begi likiwa tupu mbwa bado ataikuta. Kwa hiyo Tangawizi hakukosea. Sisi ndio tulichelewa. Nikamtupia mpira wake. Akaurukia kama siku ile ya robota.

Kimya alikusanya vitu vyake sakafuni bila kumtazama mtu. Nimeandika hilo kwa sababu ni la kuzingatia.

Jumatano, 19 Machi

Amekaa tena kwa Kimya. Begi tupu. Mpira.

Alhamisi, 20 Machi

Tena. Safari hii hakurudi nyuma wala kusitasita, alienda moja kwa moja kama anakwenda kwenye bakuli lake. Mkuu alitikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyepata jibu.

Kimya akafungua kinywa hatimaye. "Dada, mbwa wako ana nini na mimi?"

"Mbwa hana chake na mtu," nikamjibu. "Anasema kile pua inachomwambia."

"Basi pua yake inanisingizia."

Mama wa chai akacheka, na wapagazi wawili wakacheka naye. Nimewakariri waliocheka.

Jumatatu, 24 Machi

Kimya amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Alipokea habari amesimama mvuani, akalivaa begi lake mgongoni, akaenda. Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Nimelala vibaya, lakini hilo ni kwa sababu bati la nyumbani nalo linavuja juu ya kitanda.

Jumanne, 1 Aprili

Mambo yamekuwa mengine.

Nilidhani Kimya akiondoka bohari litatulia. Badala yake Tangawizi amekaa mbele ya toroli la mama wa chai. Tulifungua mpaka birika. Ijumaa alikaa kwa wale wapagazi wawili waliocheka. Jana alikaa kwenye meza ya karani wa mizigo, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa amenong'ona kitu kwenye simu na kuikata nilipoingia. Kila mara hamna kitu, na kila mara nimempa mpira, maana siwezi kumwadhibu kwa harufu ambayo wenyewe wameshaiondoa.

Mkuu hakuchukulia hivyo. "Sasa niambie," alisema, "bohari zima lina risasi? Mimi pia nina risasi? Mkaguzi anakuja Mei. Akiyaona haya unajua mbwa wako anakwenda wapi."

Najua anakwenda wapi.

Nimekaa na kuwaza. Tangawizi hakuwa hivi. Miaka yote niliyomshika hakuwahi kukaa bure. Kwa hiyo kuna mtu anamharibu makusudi. Labda anapaka baruti kidogo huku na huku ili mbwa achanganyikiwe. Labda anamlisha. Mbwa akishiba kabla ya kazi pua inalala, hilo kila mshika mbwa analijua, na kwa siku za karibuni mbavu zake sizioni kama zamani. Ajabu nyingine: ananitazama sana usoni. Zamani alikuwa akitazama mizigo.

Jumamosi, 5 Aprili

Daktari wa mifugo amempima. Masikio safi, pua safi, meno safi. "Mbwa wako mzima kabisa," amesema, akicheka. "Pengine amechoka. Mpe siku moja ya kuwa mbwa tu."

Kwa nini alicheka? Nimekuja kukumbuka njiani kwamba shemeji yake anafanya kazi bohari la jirani.

Ijumaa, 11 Aprili

Mafuriko barabara ya nyuma. Hakuna malori. Mume amepiga simu, amekwama na mzigo wa saruji. Nikamweleza habari za Tangawizi. Akasema, "Mke wangu, tangu mvua zianze unamshuku kila mtu. Hata mimi ukinipigia unauliza hiyo sauti ya nyuma ni ya nani."

Nikamuuliza hiyo sauti ya nyuma ilikuwa ya nani. Ilikuwa redio, anasema.

Jumatano, 16 Aprili

Amekaa mara tatu leo. Sikuandika kwa nani. Wote.

Jumanne, 22 Aprili

Watu wananikwepa. Nikiingia chumba cha chai, wanamaliza vikombe haraka. Mtu ameandika kwa chaki kwenye mlango wa banda la Tangawizi: MWONGO. Nimefuta. Yeye alikuwa amelala huko ndani, miguu ikimchezacheza, anakimbiza mpira ndotoni. Nikakaa naye chini kwenye nyasi zake mpaka nguo zikalowa. Siku ile polisi walipompiga picha, kila mmoja alitaka kusimama karibu naye. Sasa wanamtemea mate miguuni, na hajui amekosa nini. Nilipompapasa kifuani alinilamba kiganja. Nimelia, basi.

Nitamkamata anayemfanyia hivi. Nitaanzia nyumbani.

Jumapili, 27 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono ukatae.

Mbwa analala kwetu siku za mapumziko, kwenye kibanda cha uani. Mama mkwe hampendi. Anasema ana harufu, anasema manyoya yanaingia kwenye unga, anasema anamkodolea macho akiomba dua. Kwa hiyo niliposema kuna mtu anamlisha, wa kwanza kumfikiria hakuwa yeye. Lakini jana nilikuta mfupa umefukiwa karibu na tangi la maji, na mfupa haujichimbii shimo.

Asubuhi mvua ilipokatika, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda uani anachambua maharage, kikapu chake cha mfuniko kiko miguuni. Nikatoka na Tangawizi kwenye kamba, nikijifanya nampeleka kunyoosha miguu. Tukampita mama karibu. Nilikuwa nimekiwekea macho kile kikapu.

Tangawizi akakisogelea, akanusa, akanitazama, akakaa.

Mama mkwe akalitazama lile jibwa lililokaa mbele yake kama askari. Akanitazama mimi.

"Anataka nini huyu?"

"Mama, ndani ya kikapu kuna nini?"

"Kuna uzi wangu na miwani yangu. Kwani?"

"Anasema kuna baruti."

Maharage yakamwagika. Mama mkwe alicheka hadi akashika ukuta. "Baruti! Mimi! Mwanangu, magoti yananishinda kuinuka kitini, nitampiga nani risasi? Labda wewe, kwa hilo taulo langu!"

Nami, kwa uchungu wote nilionao, nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka. Kwa sababu hapa hapakuwa na njama. Hapa hapakuwa na harufu iliyobaki, wala mtu wa kupaka kitu, wala begi lililolaliwa na risasi usiku. Kilikuwepo kikapu cha uzi, na mimi niliyekishuku.

Nikaenda kuchukua kopo la mazoezi. Ndani kuna kitambaa chenye harufu ya baruti, hutumika kumkumbusha mbwa kazi. Nikapanga ndoo zetu uani, nyekundu, ya bluu na ya njano, nikazipindua. Nikamwomba mama mkwe akifiche kitambaa chini ya mojawapo mimi nikiwa ndani na mbwa, kisha aniite.

"Tayari!" akaita. Nilipotoka akasema bila kuulizwa, "Kiko kwenye nyekundu."

Sikutaka aniambie, lakini ameshaniambia. Tukaanza na ya bluu. Tukapita ya njano. Tukafika nyekundu. Tangawizi akakaa. Nikafunua. Hamna kitu.

"Mama! Umesema nyekundu."

"Nimesema," akajibu, wala hakuona haya. "Nilitaka akosee, ili usimlete tena hapa akalale huko huko kazini."

Sikuwa na nafasi ya kukasirika. Nilifungua kamba kwenye kola yake, nikampa amri ya kutafuta, nikageuka nikautazama ukuta. Nilisikia makucha yake kwenye saruji, yanakwenda, yanarudi, kisha yakatulia. Mama mkwe akasema polepole, "Amekaa kwenye ya njano. Ndiyo yenyewe."

Tukarudia. Na kamba mkononi, akakaa nilikodhani. Bila kamba, na bila uso wangu, akakaa penye kitambaa. Tukarudia mpaka mama mkwe akasahau kwamba hampendi na akawa anampigia makofi.

Basi hivi ndivyo ilivyo. Nikimkaribia mtu ninayemshuku, napunguza mwendo. Mkono unaibana kamba. Pumzi nazishikilia. Sijui kama nafanya, lakini Tangawizi anajua, maana maisha yake yote anayasoma kupitia kamba hiyo. Na siku ya kwanza, kwa Kimya, nikampa mpira. Nikamfundisha kwamba kazi si kutafuta baruti tena. Kazi ni kumtafuta mtu ambaye dada hampendi. Na kwa kuwa ni mbwa hodari, akaifanya kazi hiyo vizuri kupita nyingine yoyote.

Kuhusu mfupa: ni yeye mama mkwe aliyemlisha. "Alinionea huruma na macho yale," amesema. Sijui nani alimwonea huruma nani.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Sikusema kitu kwa mtu.

Jumanne, 29 Aprili

Sikusema. Nikisema, Mkuu ataona mbwa si wa kuaminika, na mnyororo uko tayari. Nisiposema, Kimya anakaa nyumbani kwa kosa langu. Nimetembea siku nzima nikijaribu kutomshuku mtu yeyote, na ni kazi ngumu kuliko kubeba magunia. Tangawizi alichanganyikiwa. Alikuwa akinitazama usoni, haoni kitu, ananitazama tena.

Ijumaa, 2 Mei

Nimesema.

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi. "Kwa hiyo mbwa ni mwongo."

"Mbwa hajawahi kudanganya. Alikuwa ananiambia ninachokiwaza mimi."

"Na Kimya?"

"Kimya hakuwa na kitu. Nilimshuku kabla Tangawizi hajalinusa begi lake."

Mkuu akaweka kalamu chini. Akaniangalia kwa muda, na nikayatambua macho yale, maana ndiyo niliyowatazamia wenzangu mvua yote hii.

"Kimya amekupa nini?" akauliza.

"Hajanipa kitu."

"Mtu haamki asubuhi tu akajichongea mwenyewe. Amekutisha? Ni ndugu yako?"

Nikajaribu kumweleza habari za ndoo na mama mkwe. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana hadithi ya kutunga. Nilipotoka, karani alikuwa mlangoni, na jioni ilikuwa zamu yangu kukaguliwa begi na mlinzi.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwenda kwa Kimya. Anakaa chumba kimoja nyuma ya kinyozi. Alinifungulia, akaangalia nyuma yangu kwanza.

"Sikuja naye," nikasema.

"Nawaogopa," akasema. "Nimewaogopa tangu utoto. Kuna kosa?"

Hakuna. Nikamuuliza pia mbona hakuwahi kuitikia salamu zangu. Akanionyesha sikio lake la kulia, halisikii. Mbwa hutembea kushoto kwangu, kwa hiyo nilikuwa nikimpita upande huo huo kila siku, ili mbwa awe mbali naye. Nilikuwa nalisalimu sikio lisilosikia, kisha nachukia kwamba haitikii.

Nikamwomba msamaha. Sikuyapamba maneno. Alisikiliza akiwa ameinamisha lile sikio zima kwangu.

"Nimekusikia, dada," akasema. "Lakini sirudi kwa neno lako. Nikirudi kwa neno lako, siku nyingine nitaondoka kwa neno lako. Acha huyo mkaguzi aje aseme."

Mkewe alinipa maji ya kunywa. Hakukaa nasi, na hakuniaga.

Ijumaa, 9 Mei

Mkuu ametangaza asubuhi, kwa sauti ile ile anayotangazia zamu, kwamba polisi wamemaliza. Boksi la risasi liliwekwa kwenye robota huko lilikofungiwa, kabla halijapanda meli. Hakuna mtu wa humu ndani aliyehusika. Hakukuwa na mtu tangu mwanzo.

Kimya hakutajwa. Mvua imepungua. Watu wameendelea na kazi.

Jumatano, 14 Mei

Mkaguzi ni mama mmoja mfupi, kofia kubwa, haongei sana. Alipanga maboksi kwenye ghala tupu, mengine yana harufu, mengine hayana. Mkuu alisimama mlangoni. Kabla hatujaanza nilimwendea.

"Mama, naomba mbwa afanye bila kamba. Nami nisimame nyuma ya ukuta."

"Mshika mbwa asiyemshika mbwa?" akauliza. "Unaficha nini?"

Hata yeye. Nikamweleza yote, mbele ya Mkuu, kuanzia begi la kaki mpaka kikapu cha uzi. Nilipofika kwenye kikapu midomo ilimchezacheza, lakini hakucheka. Alifikiri kidogo.

"Tutafanya mara mbili," akasema.

Kwanza kwa kamba. Akaninong'oneza kwamba harufu iko kwenye boksi la kona. Nilijua anaweza kuwa ananidanganya, na bado nilipofika kona nilisikia mkono wangu ukikaza. Niliusikia! Nikajaribu kuulegeza, na huko kulegeza nako kukawa habari. Tangawizi akakaa. Boksi lilikuwa tupu.

Kisha nikapelekwa nje. Nilisimama juani, jua la kwanza la maana tangu Machi, mgongo ukutani, nikisikiliza. Moyo ulikuwa unanienda mbio mpaka nikaogopa atausikia kupitia matofali. Ilichukua muda. Mkaguzi alipotoka alikuwa anajifuta mikono.

"Yote," akasema. "Hakukosa hata moja. Nimefanya kazi hii muda mrefu na pua kama ile nimeziona chache. Mbwa huyu anabaki kwenye kunusa. Na yule mpagazi wenu arudi, hilo nitaliandika mimi."

Nikamshukuru. Nilitaka kumshika mkono.

"Ngoja," akasema. "Mbwa anabaki. Wewe hapana. Amezoea kukusoma wewe, na hilo halifutiki kwa kutaka. Kila atakapokuwa na shaka atakuangalia wewe badala ya kunusa. Kama unampenda, unajua nasema kweli."

Najua anasema kweli. Nimepangiwa mapokezi ya mizigo.

Alhamisi, 15 Mei

Hakuna la kuandika.

Jumatatu, 19 Mei

Kimya amerudi leo. Begi lake amelitundika kwenye msumari ule ule wa mwisho. Nikazunguka nikamsalimu upande wa kushoto. Akaitika.

Saa ya makabidhiano ikafika. Mshika mbwa mpya ni binti, hata mikunjo ya usoni hana, buti mpya, kucha zimepakwa rangi. Simu mfukoni ilikuwa inalia kila mara na yeye anaizima bila kuiangalia, jambo ambalo lilinifanya nijiulize ni nani huyo anayempigia. Nilimpitisha kwenye kila kitu. Masikio yakaushwe kila akinyeshewa, mpaka ndani, la sivyo yanaoza. Makucha yatazamwe vidole kwa vidole, kuna vipande vya waya sakafuni. Akihema sana apumzishwe kivulini, asisubiriwe mpaka alale mwenyewe, maana hatalala. Atafanya kazi mpaka aanguke. Asipapaswe na watu akiwa kazini, hata wakiomba vizuri. Akikosea asigombezwe. Mpira apewe kwa kilichoonekana, siyo kwa kilichodhaniwa.

"Nimeelewa, dada," akasema. Aliitikia haraka mno. Alikuwa anatabasamu. Nikawaza: huyu atamlisha biskuti. Huyu atamwacha juani akiongea na simu. Huyu hajui alichopewa.

"Haya," nikasema kwa sauti ya uchangamfu kabisa. "Njoo umzoee."

Tukamwendea, mimi na Tangawizi, kamba mkononi mwangu kwa mara ya mwisho. Tangawizi akazinusa buti zake mpya. Akanitupia jicho. Akakaa chini mbele ya yule binti, wima, pua imemwelekea, kimya.

Binti akarudi nyuma. Tabasamu likamtoka. Wapagazi waliokuwa karibu wakaweka magunia chini, na Kimya miongoni mwao. Binti alijishika mifuko, akaigeuza nje, moja baada ya nyingine. "Sina kitu," akasema. "Dada, wallahi sina kitu. Mimi nina nini?"

"Huna kitu, mwanangu," nikamwambia. "Ni mimi." Nikaiweka kamba mkononi mwake, nikaiachia.